Umbali kati ya Tarime na Dar es Salaam

Umbali kati ya Tarime na Dar es Salaam ni takriban kilomita 815 kwa mstari mnyoofu. Tarime ni mji wa Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Turwa ni mojawapo ya kata zake. Dar es Salaam ni jiji kubwa kuliko yote nchini na liko kwenye pwani ya Bahari Hindi.

Miji hiyo miwili inatumia saa moja ya Afrika Mashariki, lakini kwa kuwa Dar es Salaam iko mashariki zaidi kwa karibu nyuzi 5 za longitudo, kwa wastani jua huchomoza huko dakika 20 hivi kabla ya Tarime. Kwa mstari mnyoofu, Nairobi iko kilomita 270 tu kutoka Tarime, yaani theluthi moja ya umbali wa kufika Dar es Salaam.

Kwa barabara

Kwa barabara safari huzidi kilomita 1,300. Njia ya kawaida hufuata barabara kuu ya Sirari-Mwanza, huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, hupita Bunda na Lamadi, kisha huendelea kupitia Mwanza au Bariadi hadi Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Njia ya kupitia Hifadhi ya Serengeti na Arusha ipo, lakini ina viingilio na hairuhusu kuendesha gari usiku.

Zamani, barabara za ndani zilipokuwa mbovu, wasafiri wengi wa Kanda ya Ziwa walipitia Nairobi. Njia hiyo ilikatika Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya kuanzia mwaka 1977 hadi 1983.

Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, hivyo abiria walilala njiani. Ruhusa ilirudishwa mwaka 2023.

Kwa ndege

Wasafiri wa Tarime hutumia zaidi Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ulio kilomita 850 hivi kutoka ule wa Dar es Salaam kwa njia ya anga. Muda wa kuruka hutegemea aina ya ndege. Airbus A220 ya Air Tanzania, yenye mwendo wa takriban kilomita 830 kwa saa, huhitaji saa moja hivi angani. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, safari huwa karibu saa moja na nusu. Ndege ya mapanga aina ya Dash 8-Q400 huchukua muda zaidi.

Hata hivyo, kutoka Tarime hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 250 za barabara. Kwa hiyo sehemu ya ardhini huchukua muda mrefu kuliko safari ya ndege yenyewe.

Umuhimu

Umbali huu unawagusa hasa wagonjwa wa rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza, na Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Dar es Salaam. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili huhitaji nauli, msindikizaji na mahali pa kufikia, mbali na gharama za matibabu yenyewe.