Kichanga Hatoi Makohozi

Hapa Kashaulili mtu mzima akikohoa wiki mbili, jirani atamwambia, "Nenda kapime." Kichanga je? Hatoi makohozi. Anagoma kunyonya, anapumua kwa shida, uzito hauongezeki. Dalili hizohizo ni za nimonia pia. Ndiyo maana naisoma historia ya kifua kikuu cha vichanga kama historia ya kumuuliza mama.

Robert Koch alitangaza kijidudu cha TB mwaka 1882. Mwaka 1921, mjini Paris, Weill-Hallé na Turpin walimpa kichanga mmoja chanjo ya BCG kwa mdomo, binadamu wa kwanza kuipata. Mama yake alikufa kwa TB baada ya kujifungua, na bibi wa kumlea naye alikuwa mgonjwa. Yaani, hatari ya mtoto ilisomwa kwa waliomzunguka. Mtoto hakuugua.

Lakini chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa tumboni, kupitia kondo la nyuma. Mwaka 1935 Beitzke aliandika vigezo vya kumtambua mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1994 Cantwell na wenzake wakavirekebisha, wakaongeza kuchunguza kondo na kizazi cha mama. Tunarudi kwa mama tena.

Dawa zilikuja baadaye: streptomaisini miaka ya 1940, isoniazidi mwaka 1952. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 1977, na kazi ya Karel Styblo hapa nchini ikaifunza dunia kufuatilia wagonjwa. Waliotangulizwa ni wenye vijidudu kwenye makohozi, kwa kuwa ndio waambukizaji. Busara kabisa, ila asiye na makohozi akabaki pembeni. Ilikuwa mpaka 2016 ndipo Kenya ikatangulia kusambaza nchi nzima vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Kabla ya hapo wazazi walikata vya wakubwa.

Leo mama akiwa na TB ya kuambukiza, mtoto anachunguzwa kwanza. Akiwa mgonjwa, anapewa dawa kadhaa kwa pamoja. Akiwa mzima, anapewa isoniazidi miezi 6, na BCG inasubiri amalize. Kunyonya kunaendelea.

Hilo la kunyonya tulitangaze. Mji wetu una wachimbaji wa dhahabu, na vumbi la mgodini ni rafiki wa TB. Mama anayeogopa kunyang'anywa mtoto atakificha kikohozi, chake au cha mumewe. Basi wodini tuulize mapema, kwa upole: "Mama, nyumbani nani anakohoa?"