Kilungu: Historia ya Milima na Tambarare Zake

Milima ya Kilungu iko katika Kaunti ya Makueni, upande wa kaskazini-mashariki wa barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Vilele vyake vinafikia takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali upande wa Tsavo kaunti hiyohiyo inashuka hadi kama mita 600. Historia yote ya Kilungu imo katika tofauti hiyo ya mwinuko. Juu kuna ubaridi, ukungu wa Juni na Julai, na mvua ya kutosha kahawa na migomba. Chini kuna nyasi, migunga na ukame. Maji ya miteremko hukusanyika katika mto Kaiti, ambao hujiunga na Thwake, na Thwake huingia mto Athi. Tangu mwanzo wenyeji wameishi kwa kutegemea pande zote mbili, na kila walipofungiwa upande mmoja taabu iliwafika.

Masimulizi ya Wakamba yanataja Nzaui, kilima kinachoonekana kutoka mbali kusini mwa Kilungu, kuwa ndipo wazee wao walipokaa kabla ya kupanda milima ya Mbooni. Wanahistoria wengi wanaweka makazi ya Mbooni katika karne ya 17. Mbooni ilipojaa, koo zikatawanyika: baadhi zilikwenda Iveti, nyingine zikavuka Athi kuelekea Kitui, na nyingine zikafyeka misitu ya Kilungu. Aliyefyeka msitu ndiye aliyemiliki shamba, na wanawe wakalirithi. Ardhi ya namna hiyo iliitwa ng'undu. Malisho ya wazi, weu, yalikuwa ya wote. Ng'ombe walipelekwa tambarare kwenye vituo vya kuchungia vilivyoitwa syengo, ambako vijana walikaa nao miezi mingi, mishale mkononi, wakihofia simba na Wamasai.

Hapakuwa na kijiji cha nyumba zilizobanana. Kila mji, yaani musyi, ulisimama peke yake kwenye kitako cha mteremko ukizungukwa na mashamba yake, na miji jirani ilifanya utui mmoja. Wanaume walikutana kwenye thome, uwanja ulio mbele ya boma, na mashauri makubwa yaliamuliwa na baraza la wazee, nzama. Miti mikubwa ya ithembo, mahali pa kutolea sadaka za mvua, haikuguswa na shoka. Mpangilio huo wa nyumba kutawanyika umedumu: anayepita Kilungu leo bado huona paa za mabati zimesambaa kutoka ukingo wa bonde hadi karibu na kilele.

Ardhi ya milimani ilikuwa nzuri lakini finyu, na mvua ikikosa miaka miwili hata Kilungu iliona njaa. Biashara ilikuwa kinga mojawapo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Ndani ya Ukambani kwenyewe, walioko chini walileta mifugo milimani wakapata nafaka. Wafanyabiashara wa pwani walipoanza kuingia bara wenyewe baadaye katika karne hiyo, faida ya misafara hiyo ilipungua sana.

Miaka ya 1890 ilikuwa migumu kupita yote iliyotangulia. Sotoka iliua ng'ombe. Katikati ya taabu hiyo, mwishoni mwa mwaka 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, na muda mfupi baadaye vikafuata Sakai, Kilungu na Kangundo. Scott alifariki Desemba 1896. Reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikipita kwenye tambarare chini ya milima, njaa iliyoitwa Ngomanisye, ya 1898 na 1899, iliandamana na ndui na kuua watu wengi mno Ukambani. Misheni nayo iliyumba, na mwaka 1903 makao yake makuu yakahamia Kijabe. Hata hivyo mbegu ya shule na kanisa ilikuwa imekwisha pandwa.

Serikali ya kikoloni ilifanya jambo lililowaumiza watu wa milimani kwa miaka hamsini: iliwatengea wenyeji hifadhi, ikawapa walowezi mashamba kando ya reli, na nyika iliyobaki ikaiita ardhi ya Mfalme. Mifugo iliyozoea kushuka ikabanwa juu. Watu waliongezeka, miti ikakatwa, na mvua ikachukua udongo. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko wa Machakos, wilaya ambayo Kilungu ilikuwa sehemu yake. Serikali ikaona kosa ni wingi wa ng'ombe, wala haikutaja ardhi iliyochukuliwa. Mwaka 1938 ilianza kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa lazima, wengi wakiishia kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanawake na watoto wakiwemo, walikwenda Nairobi kumtaka gavana awarudishie mali yao, wakapiga kambi majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasitishwa kabla mwaka haujaisha.

Baada ya vita vya pili vya dunia shinikizo la ardhi lilianza kupungua. Tambarare za Makueni zilifunguliwa kwa mpango wa makazi, vichaka vyenye mbung'o vikafyekwa, na familia kutoka milimani zikateremka. Wakamba wengine walipata mashamba mbali zaidi, hadi Shimba Hills karibu na pwani. Waliobaki walichimba. Kazi ya makinga maji, iliyochukiwa ilipokuwa amri ya chifu, ilibadilika tangu miaka ya 1950 ilipofanywa na vikundi vya mwethya, yaani vya kufanya kazi kwa ushirika, ambavyo wanawake ndio waliovibeba. Njia iliyoshinda ni fanya juu: mtaro huchimbwa kukata mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, nyasi zikapandwa kwenye tuta, na miaka ikipita shamba lenyewe husawazika kuwa ngazi. Mbegu ya mahindi haikimbii tena na mvua, na maji huzama badala ya kuteleza.

Kahawa ilitia nguvu kazi hiyo. Wakulima Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1950, na bei ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, fedha nyingi zilirudi shambani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba wakazi wa Machakos ya zamani waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulipungua. Kilungu, miteremko yake ikiwa imekatwa ngazi kutoka bonde hadi juu, ni ushahidi wa wazi.

Mwaka 1992 Makueni ilitengwa na Machakos kuwa wilaya, na tangu 2013 ina serikali ya kaunti. Kilungu ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Kaiti, pamoja na Ukia, Kee na Ilima. Soko lake kuu ni Nunguni, lenye hospitali na mahakama. Precious Blood Kilungu ni shule ya wasichana inayojulikana nchini. Bei ya kahawa ilipoporomoka wengi waligeukia parachichi na mboga, huku mahindi, maharagwe na mbaazi yakibaki chakula cha nyumbani. Misitu midogo ya vilele, ukiwemo wa Kilungu wenyewe, ingali chini ya ulinzi wa serikali. Chini mitoni, mchanga uliochotwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi uliacha mito ikiwa mikavu, na ndiyo sababu kaunti ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015: mchanga ukibaki mtoni huhifadhi maji ya milima hadi kiangazi, na wakazi wa chini huyachota kwa kufukua.