Kilwa Kisiwani: Mji Mkuu wa Matumbawe

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo cha mkoa wa Lindi, kusini mwa pwani ya Tanzania, mkabala wa mji wa Kilwa Masoko. Katika karne ya 14 kilikuwa makao ya masultani waliotawala biashara ya pwani hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo. Magofu yaliyopo yalijengwa katika zama mbalimbali, na kila zama zilitumia, zilipanua au zilibomoa kazi ya waliotangulia.

Maandishi ya kale ya historia ya Kilwa yanamtaja Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, kuwa mwanzilishi wa utawala. Mabaki yaliyofukuliwa chini ya magofu yanaonyesha mwanzo wa kale zaidi. Tangu karne ya 9 hivi waliishi hapo watu wa pwani katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki, wakifinyanga vyungu na kufua chuma. Mji wa mawe ulikua juu ya makazi yao, hatua kwa hatua, kadiri biashara na Uislamu vilivyoenea.

Mawe yenyewe yalikuwa matumbawe. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa nakshi za milango na mihrabu, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Matumbawe mengine yalichomwa kwenye tanuri la kuni ili kupata chokaa ya kuunganishia kuta. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vingi vya Kilwa ni virefu lakini vyembamba, visivyozidi mita 3 hivi kwa upana.

Msikiti Mkuu unaonyesha wazi jinsi mji ulivyokua. Sehemu ya kaskazini, ya karne ya 11 au ya 12, ni ukumbi mdogo uliokuwa na dari bapa juu ya nguzo tisa. Mapema katika karne ya 14 Sultan al-Hasan bin Sulaiman aliongeza upande wa kusini ukumbi mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza. Sehemu hiyo ilianguka, ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa matao na kuba zinazoonekana hadi leo.

Sultan huyo huyo alijenga Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni na birika la kuogea lenye pembe nane. Fedha zilitoka kwenye dhahabu ya bara iliyopitia Sofala. Sarafu ya shaba yenye jina lake imepatikana Great Zimbabwe. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani. Hata hivyo, Husuni Kubwa haikukamilika, na baada ya muda mfupi ilihamwa.

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitumika kutengenezea chombo cha ibada cha kanisa, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, wakajenga ngome ufukweni. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara iliyoilisha Kilwa ilikuwa imevurugika.

Mji uliinuka tena katika karne ya 18 kwa pembe za ndovu na utumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Kasri la Makutani, lenye ukuta mpana, ni la zama hizo. Waomani walipoushika mji walijenga Gereza, ngome yao, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Katika karne ya 19 biashara ilihamia Kilwa Kivinje, mji wa bara, na mji wa kisiwani ukafifia.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa miongoni mwa yaliyo hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko na sehemu ya Gereza ilikuwa imekwisha kuporomoka baharini. Baada ya ukarabati yaliondolewa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2014. Bahari haijaacha kula ufuko, na mvua na mizizi bado hupasua kuta. Kilwa itaendelea kusimama iwapo tu kazi ya kuikarabati haitasimama, na wajibu huo ni wa taifa zima, si wa wakazi wa kisiwa peke yao.