Sumu ya Konokono na Fedha za Utafiti

Mwaka 1929, kwa fedha za Rockefeller, Marekani iliunda kamati ya wanasayansi wa kutafuta dawa yenye nguvu ya mofini isiyomfanya mgonjwa awe mraibu. Hofu yao ilikuwa na sababu: tangu 1898 kampuni ya Bayer iliuza heroini kama dawa ya kikohozi, na matokeo yake yalishaonekana mitaani. Wanakemia wakaigeuzageuza mofini kwa kila namna. Dawa waliyoitumainia sana, metopon, nayo ikawa inaleta uraibu. Sisemi fedha zile ziliteketea bure, maana kazi ile ilisaidia kuwafunza watu jinsi ya kupima uraibu wenyewe. Ila walichotumwa hawakukileta.

Kilikuja kutoka baharini, tena kwa mtu ambaye hakuwa akitafuta dawa ya maumivu.

Baldomero Olivera alirudi Ufilipino akitoka Marekani, alikokuwa akichunguza DNA. Maabara yake Manila haikuwa na vifaa vya kazi hiyo. Akageukia kitu kilichopatikana kwa urahisi: koni, konokono wa baharini mwenye sumu, ambaye spishi yake moja, Conus geographus, huweza kuua mtu. (Yumo pia katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.) Yeye na Lourdes Cruz walitaka tu kujua sumu hiyo inapoozeshaje.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Utah, mwanafunzi Craig Clark alipendekeza sumu itenganishwe, kisha kila sehemu idungwe moja kwa moja kwenye ubongo wa panya. Huyu akalala, yule akatetemeka, mwingine akajikunakuna. Michael McIntosh, kijana aliyetoka tu sekondari, akapata katika Conus magus kiungo kinachoziba njia ambayo neva hutumia kupitisha maumivu. Desemba 2004 nakala yake iliyotengenezwa maabara, zikonotidi, iliidhinishwa Marekani kwa maumivu sugu makali. Haileti uraibu. Lakini lazima ipitishwe kwa pampu hadi kwenye uti wa mgongo, na inaweza kumvuruga mgonjwa akili. Kwa hospitali zetu nyingi, pampu hiyo ni ndoto.

Mwaka 2018, baada ya vifo vingi vya dawa za jamii ya afyuni, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa HEAL, na sehemu ya fedha zake ni ya kutafuta tiba za maumivu zisizoleta uraibu. Ni lengo lilelile la 1929, na nalikubali.

Ila fomu ya ruzuku ninayojaza kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili ina kisanduku cha “manufaa yanayotarajiwa”. Juzi nilijaribu kumjazia Olivera wa Manila. Nilichopata cha kuandika ni hiki tu: konokono wapo, gharama ndogo.