Ijue "Going Home", singo ya mzee Knopfler na wakali wenzake zaidi ya 60



Kuna ubishi unanifuata tangu Machi 2024 na leo nataka kuumaliza, angalau kwa upande wangu. Mshikaji wangu mmoja, mnazi wa rock kuliko mimi, anasema "Going Home" iliyotoka mwaka ule ni vurugu tupu, wapiga gitaa wote wale ndani ya wimbo mmoja kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Wa pili anasema ni bonge la kazi. Wa tatu hana habari kabisa na magitaa, yeye kauliza swali moja tu: hela zilikwenda wapi? Nawaandikia wote watatu, pamoja na wewe ambaye huenda hujawahi kuusikia.

Tuanze na mwenyewe. Mark Knopfler alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1949, akakulia kaskazini mashariki mwa Uingereza, upande wa Newcastle. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa Dire Straits, bendi iliyoanza 1977 na kutoa albamu ya "Brothers in Arms" mwaka 1985. Albamu ile iliuza nakala zaidi ya milioni 30 duniani. Kama baba yako au mjomba wako alikuwa na kaseti za wazungu miaka ile, kapekue vizuri, haikosekani. Jamaa anatumia mkono wa kushoto lakini gitaa anapiga la mkono wa kulia, tena kwa vidole vitupu bila kipiki. Hapigi kwa haraka wala hapigi kelele, na hilo litatusaidia huko mbele.

Muziki wenyewe si mpya. Aliutunga kwa ajili ya filamu ya "Local Hero" ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Bill Forsyth. Inahusu kampuni ya mafuta ya Marekani inayomtuma mtu wake akanunue kijiji kizima cha pwani ya Scotland, na jamaa anafika anakipenda kijiji. "Going Home" hauna maneno, ni ala tupu. Wale mnaokesha na ligi ya Uingereza mmeshausikia bila kujua: ndio unaopigwa St James' Park kabla Newcastle United hawajaanza mechi za nyumbani.

Kwenye rekodi ile ya kwanza, sehemu inayokutoa machozi haipigwi na gitaa, inapigwa na saksafoni ya Mmarekani Michael Brecker. Brecker alifariki Januari 2007 kwa kansa ya damu akiwa na miaka 57. Sijawahi kumsikia mtu akiliunganisha hili na rekodi mpya, lakini mimi nikiusikiliza siwezi kuacha kuliwaza.

Sasa rekodi ya 2024. Ilitoka tarehe 15 Machi kwa jina la Mark Knopfler's Guitar Heroes, ikiwa na wanamuziki zaidi ya 60. Mpango wa awali ulikuwa mdogo tu, kuita marafiki wachache. Tatizo likawa kila aliyeombwa alikubali. Wengine walikwenda wenyewe studio kwake, British Grove, magharibi mwa London. Pete Townshend wa The Who aliingia na gitaa lake na spika yake. Wengine walirekodi huko huko waliko, wakatuma kwa mtandao. Aliyebaki na kazi ya kushona vipande vyote hivyo ni Guy Fletcher, mpiga kinanda aliyekuwa na Knopfler tangu enzi za Dire Straits. Vipande vilizidi hadi ikabidi wimbo wenyewe urefushwe. Ndiyo maana ni mrefu mno kwa singo.

Orodha inatisha. Eric Clapton, David Gilmour, Bruce Springsteen, Slash, Brian May, Buddy Guy, Joan Armatrading, Ry Cooder, Hank Marvin, Joe Walsh, Steve Vai, Joan Jett, Tom Morello. Dramu ni Ringo Starr wa Beatles na mwanawe Zak Starkey. Gitaa la besi ni Sting. Harmonika ni Roger Daltrey wa The Who. Kava kachora Peter Blake, yule yule wa kava la "Sgt. Pepper's" la Beatles mwaka 1967, na pia la singo ya Band Aid mwaka 1984.

Hapa ndipo ubishi wa mashabiki unapoanzia: nani anapiga wapi? Watu wameusikiliza wimbo huu kama wanaotafuta sindano kwenye mchanga. Nami nimo. Nitawapa njia yangu, mtaniambia kama mna bora zaidi.

Mlango unafunguliwa na Jeff Beck. Huyu hana utata, ndiye anayeanza. Beck naye alikuwa hatumii kipiki. Alikuwa akichezea ule mkono wa chuma ulio chini ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu anayeimba bila maneno. Alifariki ghafla tarehe 10 Januari 2023, miaka 78, kwa homa ya uti wa mgongo. Kipande hiki ndicho cha mwisho kurekodi maishani mwake. Fikiria Fletcher amekaa na faili lile mezani, mwenyewe ameshazikwa. Angeliweka wapi kama si mwanzo?

Brian May wa Queen unamjua kwa sauti nene iliyofungana. Gitaa lake alilitengeneza na baba yake nyumbani, mbao nyingine zilitoka kwenye fremu ya meko ya zamani, na badala ya kipiki anatumia sarafu ya senti sita ya Kiingereza. Hank Marvin ni sauti safi yenye mwangwi. Gilmour anavuta uzi mmoja mpaka unahisi utakatika. Tony Iommi wa Black Sabbath ana uzito wa peke yake: alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kuendelea kupiga. Duane Eddy ni zile nyuzi za chini zinazodunda. Naye alifariki Aprili 30, 2024, wiki sita tu baada ya singo kutoka. Wapenzi wa Michael Jackson mtamkumbuka Orianthi, yule binti wa Australia aliyekuwa kwenye mazoezi ya "This Is It" mwaka 2009. Yumo.

Kwa hiyo ni vurugu au si vurugu? Nakubali kidogo: katikati kuna mahali pamejaa, unasikia mtu anaingia wakati mwenzake hajatoka mlangoni. Ningepewa mkasi ningepunguza dakika mbili, na ningejua nimewaumiza watu. Lakini wimbo hauanguki, na sababu ni ule mdundo wa Knopfler mwenyewe. Aliuandika polepole, wenye nafasi kati ya noti na noti. Ukichukua muziki uliojaa toka mwanzo ukawapa watu hamsini hakuna kitakachosikika. Huu ulikuwa na vyumba vitupu, wageni wakapata pa kulala.

Sasa hela, maana ndugu yetu wa tatu ameshaanza kuguna.

Mapato yalikwenda kwa mashirika mawili: Teenage Cancer Trust la Uingereza na Teen Cancer America la Marekani. La kwanza linahudumia wagonjwa wa kansa wa miaka 13 hadi 24, na wodi yake ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 1990. La pili lilianzishwa na Daltrey na Townshend ili kufanya kazi hiyo hiyo Marekani. Daltrey ndiye mtu wa kuwekewa alama hapa. Toka mwaka 2000 hadi 2024 ndiye aliyekuwa nyuma ya matamasha ya kuchangia Teenage Cancer Trust pale Royal Albert Hall. Harmonika yake kwenye wimbo huu haikuja kwa bahati.

Mtu atauliza, kwa nini vijana peke yao? Mimi nilikuwa siulizi, kwa sababu moja. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikwenda kumwona mwenzetu wa darasa aliyelazwa. Miaka 16. Walikuwa wamemtoa wodi ya watoto, maana ndevu zilikuwa zinaanza, wakampeleka ya watu wazima. Pembeni yake kulikuwa na mzee anayekoroma, na ng'ambo mwingine aliyekuwa hasemi tena. Alituuliza matokeo ya mechi ya shule, halafu akageukia ukutani. Hakuna muuguzi aliyemkosea. Ni kwamba hospitali ilikuwa na vitanda vya watoto na vya wazee, chake hakikuwepo. Wodi za Teenage Cancer Trust ndicho kitu zinachorekebisha: zimo ndani ya hospitali za serikali za Uingereza, lakini unalazwa na wa rika lako, kuna pa kukaa na kusikiliza muziki, na wauguzi wamefundishwa kuongea na mtu wa umri huo.

Halafu tazama ile orodha tena. Sheryl Crow aliugua kansa ya matiti mwaka 2006. Nile Rodgers, ya tezi dume, 2010. Iommi alitangaza yake ya limfu 2012. Ronnie Wood wa Rolling Stones, ya pafu, 2017. Andy Taylor, aliyekuwa Duran Duran, alisema hadharani mwaka 2022 kwamba anayo ya tezi dume iliyosambaa. Wote hawa wamo kwenye wimbo, na wote iliwakuta wamevuka miaka 40, wana majina, wana pesa za madaktari. Wanapigia gitaa watu ambao imewakuta hawajafanya hata mtihani wa mwisho.

Swali la "hela zilifika?" si la kitoto, maana historia ya nyimbo za hisani ina makovu. George Harrison alipoandaa tamasha la Bangladesh New York, Agosti 1971, mapato ya mlangoni, kama dola 243,000, yalikwenda UNICEF. Lakini mamilioni ya albamu yalikwama miaka mingi kwa sababu hesabu za kodi hazikupangwa mapema. Hakuna aliyeiba, karatasi tu. Upande wa Band Aid, mwaka 1984, kuna stori ambayo bado inazunguka mitaani kwamba hela zilinunua silaha Ethiopia. BBC walitangaza habari ya namna hiyo Machi 2010, na Novemba mwaka huo huo wakaomba radhi kwa Band Aid kwa kuwafanya watu waamini kuwa ni hela zao. Mnaopenda kuisambaza muwe mnasambaza na nusu yake ya pili.

Tofauti ya kazi ya Knopfler ni kwamba hakuunda mfuko mpya. Wapokeaji walikuwepo miaka mingi, wana wodi unayoweza kwenda kuigusa ukuta. Kwangu hilo lina uzito kuliko majina yote yale.

Na hakuanzia hapo. Januari 31, 2024, mwezi na nusu kabla ya singo, aliuza magitaa yake zaidi ya 120 kwa mnada wa Christie's, London. Jumla ilifika pauni milioni 8.8. Gibson Les Paul moja ya 1959 peke yake ilikwenda pauni 693,000. Robo ya bei ya nyundo ilikuwa ya hisani: Msalaba Mwekundu wa Uingereza, shirika la Brave Hearts of the North East, na Tusk, hawa wanaohifadhi wanyamapori huku kwetu Afrika. Kwa hiyo kuna tembo wa bara hili wanaomdai shukrani mzee wa "Money for Nothing".

Mwisho, la kwetu sisi wa kafe. Ukiupakua kwenye tovuti za bure zisizo na kibali, wale vijana hawapati hata senti. Ukiusikiliza kwenye mitandao halali ya muziki, kila mara unapopigwa inaingia sehemu ndogo sana ya senti, lakini inaingia. Ukinunua faili au CD, ndiyo inaonekana. Najua bei ya kifurushi, sihubiri. Nasema tu njia zipo tatu na hazilingani.

Mshikaji wangu bado anasema ni vurugu. Nimempa hedifoni zangu, nimemwambia asikilize Beck anavyoanza, basi, asiendelee kama hataki. Ni siku nne sasa na hedifoni hajarudisha.