Aya nne zilizompeleka mhandisi Ikulu

KILA serikali inapomteua profesa kushika wadhifa mkubwa, mjadala ni uleule: je, msomi ataiweza kazi ya serikali? Wapo wanaodai kuwa mahali pa profesa ni ukumbi wa mihadhara, basi. Wapo pia wanaoamini kuwa shahada pekee yatosha kuikomboa nchi. Nionavyo mimi, kambi zote mbili zina la kujifunza kutoka kwa mhandisi Mmarekani aliyeitwa Vannevar Bush. Huyu hakuwa na undugu na marais wawili wa jina hilo.

Bush alizaliwa mwaka wa 1890 mjini Everett, jimbo la Massachusetts, akiwa mwana wa mchungaji. Alipata shahada ya uzamifu katika uhandisi wa umeme mwaka wa 1916. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alibuni kifaa cha kutambua nyambizi kwa kutumia sumaku. Kifaa hicho kilifanya kazi barabara katika meli za mbao. Lakini wakuu wa jeshi la wanamaji walishikilia kuwa lazima kifungwe katika meli za chuma, na chuma kikakivuruga. Kazi yote ikaambulia patupu. Bush hakulisahau funzo hilo: uvumbuzi hufa ikiwa anayevumbua na anayetumia hawazungumzi.

Mwaka wa 1919 alijiunga na chuo cha MIT. Huko, yeye na wanafunzi wake waliunda mashine kubwa ya kukokotoa milinganyo migumu ya hesabu, iliyokamilika mwaka wa 1931. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi na naibu rais wa chuo. Angeweza kutulia hapo hadi astaafu. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka wa 1939 alihamia Washington kuongoza Taasisi ya Carnegie, hatua chache tu kutoka kwa wenye mamlaka.

Hebu sasa tuitazame tarehe 12 Juni 1940. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yanaukaribia mji wa Paris. Bush aliingia Ikulu ya Marekani kumwona Rais Franklin Roosevelt. Mkononi alikuwa na karatasi moja yenye aya nne fupi, iliyopendekeza kuundwa kwa kamati ya wanasayansi na wanajeshi itakayoongoza utafiti wa silaha. Kikao hakikufika hata robo saa. Rais aliandika idhini yake papo hapo, akatia herufi za kwanza za majina yake.

Naam, aya nne tu! Katika miaka yangu ya kufundisha nimeketi katika kamati zilizotoa ripoti za kurasa mia mbili, zikaishia kwenye makabati kukusanya vumbi. Si kwamba hazikuwa na hoja. Zilikosa mtu wa kuzigeuza hoja hizo ziwe lugha ambayo mwenye kuamua angeielewa kwa kikao kimoja. Msomi anayeingia serikalini huwa mkalimani kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Mwaka wa 1941 kazi hiyo ilipanuliwa, na Bush akaongoza Ofisi ya Utafiti na Maendeleo ya Kisayansi. Badala ya kujenga maabara mpya za serikali kila mahali, ofisi hiyo ilitoa kandarasi kwa vyuo vikuu na kampuni. Matunda yake ni pamoja na rada bora na uzalishaji wa penisilini kwa wingi. Lakini tusisifu tu. Ofisi hiyohiyo ilisimamia hatua za awali za bomu la atomiki, kabla ya jeshi kukabidhiwa mradi huo. Bomu hilo ndilo lililoteketeza Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Profesa akishapewa nafasi kando ya mtawala, hubeba pia mzigo wa yale yanayoamuliwa hapo.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo, Bush alimkabidhi Rais Harry Truman ripoti iliyotaka serikali ifadhili utafiti wa kimsingi hata wakati wa amani. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Bush alitaka wanasayansi wenyewe wasimamie fedha hizo. Seneta Harley Kilgore wa West Virginia akasema la: fedha ni za umma, kwa hivyo msimamizi awajibike kwa aliyechaguliwa na umma. Mwaka wa 1947 Truman alikataa kutia saini mswada uliofuata mkondo wa Bush. Ni mwaka wa 1950 ndipo Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi ulipoundwa, mkurugenzi wake akiteuliwa na rais.

Mimi naona kila mmoja wao alikuwa na ukweli wake. Bush alijua kuwa mwanasiasa hawezi kuagiza ugunduzi kama anavyoagiza barabara. Kilgore naye alijua kuwa msomi asiyeulizwa swali hugeuka kuwa mfalme mdogo.

Ubishi huo unatuhusu sisi Wakenya pia. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 iliunda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa. Bajeti zetu hazijawahi kukikaribia kiwango hicho. Tunapenda kuilaumu Hazina ya Kitaifa, na lawama hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, nawauliza wenzangu wa vyuoni: tukiitwa kesho tueleze fedha hizo ni za nini, ni nani kati yetu aliye na aya nne tayari?