Ngome tunaijua, je, stesheni?

Jamani, tuambiane ukweli. Kila mgeni akifika Mombasa tunamkimbiza Ngome ya Yesu. Selfi, madafu, kwisha. Hata mimi nimepiga video pale mara sijui ngapi. Lakini muulize kijana wa hapa kuhusu stesheni ya zamani ya reli, ile ya mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Atakwambia, "Si ile ya treni ya kitambo?" Basi.

Hebu turudi nyuma. Kabla ya treni kulikuwa na troli. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilianza kutandika reli nyembamba ya futi mbili kwenda bara. Ikafika maili chache tu, ikakwama. Vyuma vyake vikaja kutandikwa hapa kisiwani, na juu yake vikapita vigari vyenye viti na paa, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Injini? Hakuna. Bwana mkubwa ameketi, watu wanasukuma. Kwa miguu, na jua hili letu! Zitazame picha za zamani: wasukumaji wamo, majina yao hayamo.

Reli kubwa ilianza 1896. Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo kwanza lilijengwa daraja la mbao la muda pale Makupa. La kudumu likafuata 1899, wakaliita Salisbury, jina la waziri mkuu wao. Walioletwa kutoka Bara Hindi kufanya kazi ni zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 wakafa. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu.

Na Ngome miaka hiyo? Ilikuwa jela, tangu 1895 mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao. Sina kinyongo. Lakini nyanya yangu hajaingia Ngome hata siku moja. Mombasa yake yeye ilianzia stesheni, akitoka Voi, sanduku la bati kichwani, hamjui mtu. Mpaka leo akisema "mjini" anamaanisha pale aliposhukia. Ni wangapi walioingia mji huu kwa mlango huo, wakapata kazi bandarini, wakatuzaa sisi?

Mwaka 2017 ikaja Madaraka Express, na msafiri wa Nairobi sasa anashukia Miritini, nje ya kisiwa. Ni haraka, ni safi, mimi pia naipanda. Ila wajukuu wa wale wa sanduku la bati tutaonyeshwa nini?

Sidai makubwa. Troli moja iliyotengenezwa upya, kibao kimoja cha Kiswahili chenye habari za wasukumaji. Juzi nimetembea Ndia Kuu yote macho chini, natafuta hata kipande cha chuma. Mzee mmoja barazani akaniuliza, "Umeangusha pesa, mwanangu?"

Nikamwambia natafuta reli. Akacheka, halafu akanisogezea kiti.